Miwani ya Pili

Kabla sijafungua mdomo, kila mmoja amshike mkono aliye pembeni yake. Na wewe uliyekaa peke yako kizingitini, nakusema pia. Sogea. Hutaki? Haya, kaa hapo hapo, lakini hadithi ikikuuma usinilaumu.

Nikisema "Mwenzio?" mnaitikia "Ninaye!" Tujaribu. Mwenzio? Ala, hivyo ndivyo mnavyoitikia, kama mmefunga siku tatu? Tena. Mwenzio? Naam. Sasa mtulie, na asiachie mtu mkono mpaka niseme.

Huko Mtondooni walikuwepo watu watatu waliofanya kazi kwenye boti moja. Msianze kuniletea matanga na makasia, nimesema boti: ya faiba, ina mashine mbili nyuma na turubai juu. Kazi yake kupeleka wageni visiwani kuogelea na kutazama samaki. Ilikuwa ikiondoka alfajiri, inapitia Kisiwa cha Popo, halafu Fungu la Kaa, halafu Kisiwa cha Mtende kwa chakula, alasiri inarudi. Na watatu hao kila mmoja Mungu alimpa chake.

Wa kwanza alikuwa Bi Kazija, mpishi. Kipaji chake kilikuwa kipimo. Mwambie watu kumi na watano, atapika cha kumi na watano, haubaki hata ukoko wa kumrushia kuku. Lakini wanawe wanne wote wako Maskati, wanampigia simu Ijumaa kwa zamu, dakika tano tano. Akirudi nyumbani jioni kipaji kinamshinda, kwa kuwa hajui kupika cha mtu mmoja. Basi hapiki. Anakula mkate wa boflo na chai, tena amesimama.

Wa pili alikuwa Nahodha Shaame. Kipaji chake kilikuwa maji. Anatia mkono baharini, anakwambia maji haya yametoka wapi na saa moja ijayo yatakuwa wapi. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia limeanza ukungu, lakini miamba anaipita kama mtu anayekwenda jikoni kwake gizani. Zamani alikuwa na mwenzake wa kazi, aliyekaa pale mbele kabisa ya boti. Alipofariki, nahodha hakutaka mtu mwingine akae pale. Ole wako uweke hata kapu.

Wa tatu alikuwa Mcha, mzamiaji, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Anashuka chini, wewe unamaliza kikombe cha chai, ndipo unamwona anaibuka. Ila kuzama kumemla masikio. La kulia limekufa. La kushoto daktari alimwambia, "Ukishuka tena kina kirefu, na hili utalizika." Barazani watu wamechoka kumrudia maneno, naye amechoka kusema "Eti?" Siku hizi akitoka kazini anapita njia ya nyuma.

Watu watatu boti moja, bega kwa bega tangu alfajiri, na kila mtu yuko peke yake. Kwani nyie mlidhani upweke unakaa porini?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mambo yaliharibikia hapa. Boti nyingine huhesabu vichwa. Nahodha Shaame hakuhesabu vichwa hata siku moja. Alisema kuhesabu watu kama mbuzi ni mkosi. Sheria yake ilikuwa kwamba haingii mtu majini bila mwenza. Mkono mmoja wa kukatia maji, mmoja wa kumshika mwenzio. Aliyekuja peke yake anapewa Mcha. Wakitaka kuondoka mahali, nahodha anaita, "Mwenzio?" Kila mtu anamtazama mwenziwe na kuitikia, "Ninaye!" Wakishaitikia wote, mashine inawashwa. Aliyepotea hawezi kujisemea, husemewa na mwenza wake. Miaka ishirini na miwili hesabu hiyo haikukosea.

Siku moja ya bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, akaja Mwalimu Eufrasia kutoka Njombe.

Huyu mama alifundisha darasa la nne mpaka akastaafu. Mumewe, Gaudensi, alikuwa fundi saa. Bahari waliiona kwenye kalenda tu, ile iliyotundikwa juu ya meza ya ufundi. Gaudensi akanunua mtumbani miwani miwili ya kuzamia, ile inayofunika mpaka pua, pamoja na mirija yake ya kupumulia, ya njano. Basi kila Jumamosi, na baridi ya Njombe mnayoisikia, wazee wale walikuwa wakijaza beseni maji, wakitia nyuso zao wote wawili, vichwa vikigongana, wanajifunza kupumua kwa mrija. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Gaudensi alikuwa akimgonga begani, "Usipigane na maji, Mwalimu. Laza uso, legea, hesabu kama saa. Moja, mbili. Moja, mbili."

Walipokamilisha nauli ya watu wawili, Mungu akamchukua mmoja.

Mwalimu akaja hivyo hivyo, na miwani yote miwili mfukoni. Saa kumi na mbili kasorobo yuko ufukweni, giza linaondoka, upepo una ubaridi. Wageni wengine walikuwa kumi na wanne. Bwana na bibi arusi, mama na bintiye, marafiki, mapacha wa makamo waliovaa kofia sawasawa. Wawili wawili wote.

Mcha akapita akiuliza. "Mama, una mwenza?"

Mwalimu akawatazama wale watu, akaona aibu. Mtaniuliza aibu ya nini. Niulizeni mimi! Ukishakaa na mtu miaka thelathini na minane, kusema "sina" mbele ya wageni ni kumzika mara ya pili. Akainua mfuko wenye ile miwani ya pili.

"Ninaye," akasema.

Akadanganya. Na Mcha hakusikia neno, aliona midomo inacheza na kichwa kinakubali, akadhani mwenza yuko tayari botini. Akaona haya kusema "Eti?" kwa mama wa watu asubuhi yote ile. Akapita.

Kisiwa cha Popo walifika jua linachomoza. Mwalimu akalivua jaketi la kuelea akaliacha botini, kwa kuwa halimwachi mtu kulaza uso, akaingia majini. Loh! Kumbe kalenda ilikuwa haijui kitu. Samaki wa manjano, wa buluu, wengine wana mistari kama kanga, wanampita puani. Mara tatu alinyoosha mkono kumgonga mtu begani, "Tazama kile," na mara tatu mkono ukapita kwenye maji matupu. Alilia ndani ya miwani, na machozi ndani ya miwani hayana pa kwenda.

"Mwenzio?" nahodha akaita. "Ninaye!" wakaitikia, na Mwalimu akaitikia pia, amelishika fuko lake. Uongo wa pili haumkwami mtu kooni kama wa kwanza.

Saa nne maji yamepwa kabisa, wakafika Fungu la Kaa. Ni mchanga mtupu katikati ya bahari, asubuhi upo, mchana haupo. Mwalimu akatundika miwani ya pili shingoni, akazunguka upande wa pili wa fungu, kule ambako mgongo wa mchanga unamficha mtu. Alitaka kuongea na Gaudensi, na hakutaka watu waseme mama huyu kichwa hakiko sawa. Akamsimulia samaki wote. Kisha akalala juu ya maji, uso chini, masikio ndani.

"Mwenzio?" nahodha akaita.

"Ninaye!" Sauti kumi na nne. Haikukosekana hata moja, kwani Mwalimu hakuwa na mwenza wa kusema hayupo. Hesabu ilitimia, na ilikuwa imekosea. Boti ikaondoka.

Mwalimu alisikia mashine ndani ya maji, akainua kichwa. Alipiga kelele, akapunga kanga yake. Lakini mashine mbili zinanguruma, na wenye wenza walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Akarudi akakaa juu ya mchanga. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yakafika magotini. Alipoona mchanga umebaki wa kutandika mkeka mmoja tu, akavaa miwani.

Kisiwa cha Mtende saa sita, Bi Kazija akapakua. Wali, pweza wa nazi, sahani kumi na tano. Watu wakachukua, wakakaa vivulini. Akatazama meza.

"Nahodha, sahani moja imebaki."

"Kuna mgeni hana njaa, Bi Kazija."

"Mgeni gani?"

"Nitajuaje mgeni gani? Watu wote wameitikia."

"Sahani hii haikuitikia."

"Labda leo mkono umekosea. Uzee huo, bibi."

Lahaula! Mwambie Bi Kazija yote, hilo usimwambie. Alichukua ile sahani akapita nayo kwa kila mgeni, "Hii yako? Hii yako?" mpaka bibi arusi akasema, "Si kulikuwa na mama mmoja mwenye mfuko?" "Anaitwa nani?" akauliza Bi Kazija. Walikuwa naye tangu alfajiri, visiwa viwili, na hapakuwa na mmoja aliyemuuliza jina! Bi Kazija akatota mpaka kiunoni akaingia botini na sahani mkononi. "Mimi sishuki humu," akasema, "mpaka mwenye sahani hii aonekane. Na kama hayupo, mniite mwongo maisha yangu yote." Ndipo nahodha rangi ikamtoka usoni, akakimbilia mashine. Mcha akaruka ndani. Wageni waliachwa kisiwani na wali wao.

Bi Kazija akaelekeza kidole kwenye Fungu la Kaa. Akili ya kila mtu ingekwenda huko. Lakini Nahodha Shaame alitia mkono baharini, akafumba yale macho yake mabovu, akausikiliza mkono. Kisha akageuza usukani upande mwingine kabisa.

"Wewe, fungu liko kule!"

"Fungu halipo tena. Maji ya bamvua yakijaa yanakimbilia Mlango wa Chewa. Kama anaelea, yuko huko."

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea nimemuua mimi, si bahari."

Mlango wa Chewa una miamba pande zote mbili, na maji yakijaa hayupo nahodha mwenye akili zake anayeingia. Shaame aliingia. Mashine ya kwanza ikagonga mwamba ikanyamaza. Akaenda na moja. Ya pili nayo ikagonga. Boti ikakwama juu ya mwamba, mawimbi yanaipiga ubavuni, na mbele yao hapaonekani kitu ila povu. Bi Kazija akaanza kumlaani, na kumwombea, vyote kwa pumzi moja.

Mcha ndiye aliyeuona mrija wa njano, mbali kule nyuma ya povu. Unazama, unaibuka. Mwalimu alikuwa ameelea saa nzima na zaidi, uso chini, peke yake katikati ya bahari, "Moja, mbili. Moja, mbili." Na wakati wanamtazama, wimbi likamvunjikia juu, mrija ukazama, na safari hii haukuibuka.

Mcha alikuwa na sikio moja lililobaki. Kwa sikio hilo alikuwa akisikia adhana, mvua juu ya mabati, na mlango wake ukibishwa, ijapokuwa haubishwi mara nyingi. Aliligusa mara moja tu, kama mtu anayemuaga mtoto. Akavuta pumzi, akajitupa. Alipita chini ya povu, maji ya mlango yalikuwa yamemvuta mama wa watu mpaka chini, naye akamfuata huko huko, kina cha mnazi mzima. Akamshika mkono. Walipoibuka Mwalimu anakohoa na kutapika maji, na damu inamtoka Mcha sikioni.

Nahodha, macho hayaoni mbali, akapiga kelele kutoka botini. "Mcha! Mwenzio?"

Mcha hakusikia. Hakusikia tena kitu chochote tangu siku hiyo. Aliyejibu ni Mwalimu, kwa sauti iliyokwaruzika, mkono wake umo ndani ya mkono wa Mcha.

"Ninaye!"

Mcha akamkokota mpaka botini, wakampandisha. Nahodha Shaame akamshika kiwiko akamketisha pale mbele ya boti, pale pasipowekwa hata kapu. Bi Kazija akampa ile sahani, wali umepoa, pweza amekauka, akakaa naye mpaka akamaliza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Bi Kazija kukaa chini mtu anapokula. Wakasubiri hivyo, wanne, mpaka boti nyingine ikaja kuwavuta.

Mwaka ukapita. Mwalimu akawaandikia barua kutoka Njombe. "Nakuja tena tarehe ile ile, na nitakuja kila mwaka Mungu akinijalia. Safari hii sitadanganya. Miwani ya pili nitampa mmoja wenu, awe mwenza wangu."

Na Mtondooni mwenza si wa kuogelea tu, mjue. Ukishamtamka mbele ya nahodha, ndiye anayeulizwa habari zako. Ukiumwa ataitwa yeye. Siku usipoonekana, ndiye atakayesimama aseme, "Hayupo, mtafuteni." Unaweza kuishi miaka sitini na usiwe na mtu wa namna hiyo. Watatu wale hawakuwa naye, na barua ile kila mmoja aliisoma mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri.

Alfajiri ya siku yenyewe wakakutana ufukweni, kila mtu amevaa vizuri na anajifanya hakuvaa vizuri.

Bi Kazija akasema, "Msinitazame hivyo. Nyote mlisema watu wametimia. Nisingeshika sahani ile, mngeshiba mkarudi nyumbani. Mwenza ni yule anayejua kuwa hupo."

Nahodha Shaame akasema, "Kujua kuwa hayupo si kujua alipo, Bi Kazija. Tungefuata kidole chako tungekwenda kuzika fungu. Mimi niliiweka roho yake juu ya mkono wangu huu."

Mcha hakusikia wanasema nini. Aliona midomo inacheza, akaelewa. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia, "Mimi nilimshika!" Kisha akaona haya, akatazama chini.

Haya, namwona mmoja wenu anataka kusema, "Wape wote watatu." Funga mdomo! Miwani ni moja. Mkono mmoja wa kukatia maji, na wa kushika mwenza ni mmoja. Najua kidole kimoja hakivunji chawa, hata mimi nimefundishwa hivyo, lakini pete huvaa kidole kimoja.

Na mwingine nyuma huko ananong'ona kwamba miwani ina mwenyewe. Gaudensi. Wa kwanza kumwokoa ni yeye, kwa beseni na baridi na "moja, mbili". Bila yeye sahani ingebaki, mkono ungesoma maji, mzamiaji angezama, na wangeokota maiti. Umesema kweli, na umenichoma. Basi asimpe mtu? Abaki nayo shingoni? Lakini Gaudensi, Mungu amrehemu, hawezi kuitikia akiitwa, na ni kwa ajili hiyo mama alibaki kwenye mchanga.

Nahodha akapanda botini kwa desturi yake. Wageni wako wawili wawili, na Mwalimu yuko kati yao na mfuko wake. Akaita, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya nahodha, ilikuwa ya mtu anayesubiri jibu. "Mwenzio?"

Mwalimu Eufrasia akaitoa ile miwani mfukoni. Akaitazama, akamtazama aliyejua kuwa hayupo, akamtazama aliyejua alipo, akamtazama aliyemshika. Akanyoosha mkono.

Mimi naishia hapo. Sasa mnaweza kuachiana mikono, mkitaka. Naona hamtaki.

Wewe wa kizingitini, futa uso, kisha anza wewe. Miwani ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?